Kasha la Redio ya Mzee Iliasi

Mwizi aliiacha redio, akachukua kasha lake.

Inspekta Atumani alisimama katikati ya karakana ya Célestin, seremala, akaitazama rafu. Mashine ya ndani ya redio ya zamani ilikuwapo. Spika ilikuwapo. Taa zake za kioo zilikuwapo, nzima, zimefungwa kwenye kitambaa, na vitufe vyake vilikuwa ndani ya kopo. Kilichokosekana ni mbao tu. Juu ya meza palibaki vumbi la msasa, chupa ya vanishi, na mahali pasipo na vumbi, pa mraba, ambapo kasha lilikuwa limekaa.

Mwizi gani anakula ganda na kuacha ndizi? Inspekta alijiuliza, na hata kujiuliza kulimchosha. Goti la kulia lilimuuma. Tangu asubuhi alikuwa amesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba na ugomvi wa mbuzi, na wote walioshindwa walimlaumu yeye.

Hakuna kilichovunjwa. Mlango wa karakana ulikuwa wa kusukuma. Poda ya kuchukulia alama za vidole ilikwisha kituoni zamani, na aliyeahidi kuleta nyingine alikuwa bado anaahidi.

Mlalamikaji, Djamali, mfanyabiashara wa Kindu, alisimama mlangoni akipigapiga simu yake kwenye kiganja. Alikuwa amekuja Kasongo kumzika baba yake, Mzee Iliasi, muuza duka aliyejulikana na mji mzima. Redio ile ya mbao ilikuwa ya mzee tangu ujana wake. Djamali alieleza kwamba aliipeleka kwa Célestin ili aing'oe mashine, akwangue rangi yote ya zamani, apige msasa na kupaka vanishi mpya. Aliitaka ing'ae sebuleni siku ya arobaini, wageni watakapokuja. Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini, kasha likatoweka.

"Nani alibaki huku?" Inspekta aliuliza.

"Ni yeye tu. Yeye hasali Ijumaa."

Célestin alikuwa Mkristo, mwenyeji wa Wamaza, mrefu, mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Alijibu akitazama chini, si kwa hatia bali kwa aibu ya kuulizwa mbele ya watu.

"Ulikuwa wapi saa ya swala?"

"Nilienda kula kwa malewa, kwa mama muuza chakula, shefu."

"Na kabla ya kula?"

"Nilisaidia baba moja kubeba jeneza ya mutoto wake mupaka barabarani. Pikipiki haiwezi kuingia huku, iko matope mingi."

"Jeneza kubwa namna gani?"

Célestin alipima kwa mikono yake. Mikono haikuachana sana.

Djamali alicheka bila furaha. Kipimo ni kilekile, alisema. Muuza mafuta wa pale njia panda aliona sanduku limefungwa kitenge, liko juu ya pikipiki, likielekea Kabambare. Nani aliyefungua kuona kama ndani mna maiti? Mbao za siku hizi hazifanani na zile, na watu wa kununua vitu vya kale wapo.

Inspekta hakuliamini jambo hilo. Lakini mlalamikaji alikuwa na sauti kubwa na jamaa wengi, na mwendesha mashtaka hupenda kukuta mtu ndani kabla ya kuuliza maswali. Célestin alilala mahabusu. Asubuhi yake wateja wakaanza kuja karakana mmoja mmoja kuchukua viti na milango yao, iliyokwisha na isiyokwisha. Kama hakuna ushahidi wa kumtoa, angepelekwa gerezani kungoja kesi, na wengine huko husubiri mpaka wakasahauliwa. Mke wake alikuja kituoni na sahani ya bugali na mboga ya sombe, akaketi kwenye ngazi, hakuuliza neno. Inspekta angependelea atukane.

Alikwenda nyumbani kwa marehemu kutimiza wajibu. Mama Feza, mjane, alikuwa katika eda. Mwanamke aliye katika eda hatoki nje, havai dhahabu, hajipaki manukato, na nyumbani mwake hata ubani haufukizwi. Inspekta, aliyezaliwa katika mji huohuo na kumwona mama yake mwenyewe akikaa hivyo, alibaki upande wa pili wa pazia na kutoa pole. Rachida, mke wa Djamali, aliketi mlangoni. Alimhakikishia kwamba mama hajavuka kizingiti tangu siku ya mazishi.

Mama Feza aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Na Célestin, wamemufunga kweli?"

"Iko ndani, mama. Mpaka tujue."

Inspekta alisikia harufu ya vanishi, akanusa vidole vyake, akakumbuka kwamba alikuwa ameishika ile chupa ya karakana. Aliaga. Mjane wa eda si mtu wa kuhojiwa kwa wizi, kwa hiyo hakumfikiria tena.

Alibaki yule baba wa jeneza. Mtoto alifia kwa mjomba wake, hapo Kasongo, na mjomba naye alikuwa amefunga nyumba na kwenda msibani. Basi ilibidi kwenda Kabambare.

Inspekta alikwenda juu ya pikipiki ya kukodi. Mahali pa kupanda walipanda, mahali pa kusukuma walisukuma, na kwenye kijito kimoja alivua viatu na kuvivaa tena vikiwa vimelowa vilevile. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kusema jambo lake. Unamwulizaje mtu aliyezika mtoto juzi kama kweli ndani ya jeneza mlikuwa na mtoto? Hakupata namna. Alifika Kabambare na matope mpaka kiunoni, na maneno hana.

Jina la mtu huyo lilikuwa Junior, ila majirani walimwita Baba Benita, na Benita ndiye waliyemzika. Alikuwa kijana. Alimpa Inspekta kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Kaburi iko kule nyuma ya mihogo," alisema. "Ukitaka, tufukue."

"Hapana. Nisamehe, Baba Benita." Inspekta alijisikia mchafu, na si kwa matope. "Nieleze tu ulichoona kwa Célestin. Mulipobeba jeneza, nani alibaki pale?"

"Hakuna mutu. Lakini nilirudia. Nilisahau kitenge ya kufunga."

"Ukakuta nini?"

"Iko mama moja ndani."

Inspekta aliweka kikombe chini polepole.

"Mama gani?"

"Simujui. Mama muzee, ya nguo nyeupe, hana hata heleni. Alikuwa anashika kisanduku fulani cha mbao, anakipapasa juu, analia. Nikasema, huyu naye amefiwa na mutoto, amekuja kutafutia jeneza. Nikamupa pole. Naye akanipa pole. Nikachukua kitenge yangu nikaenda."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini, shefu? Mutu analia kwa seremala."

Nguo nyeupe, bila heleni. Nyumba isiyofukizwa ubani ilikuwa imenuka vanishi mbele ya pua yake, naye akanusa vidole vyake kama mjinga. Jibu lilikuwa karibu naye tangu siku ile, ila heshima ilimfumba macho. Katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kusikitika hivyo kwa kuupata ukweli.

Kabla ya kuondoka alikwenda nyuma ya mihogo, akasimama kaburini kidogo. Baba Benita alisimama naye.

Alirudi Kasongo keshoye na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu, na matope yake. Njiani alijaribu kutunga uongo mzuri. Angeweza kusema kasha limeokotwa. Lakini Djamali angeuliza limeokotwa wapi na nani, na Célestin angebaki mwizi midomoni mwa watu mpaka kufa kwake.

Rachida aliketi tena mlangoni. Inspekta aliketi nje ya pazia.

"Mama Feza, nimetoka Kabambare. Yule baba mliyepeana pole anakusalimia."

Rachida aligeuka kutazama pazia.

"Nilikuwa ninakungojea," Mama Feza alisema. "Nilijua utarudi. Siku ile harufu ilinisuta, nikaona umeinusa."

"Sikuinusa vizuri, mama."

"Iko chini ya kitanda. Rachida, toa."

Rachida aliingia, akatoka na kasha limefunikwa shuka. Inspekta alilifunua. Upande mmoja mbao ilikuwa nyeupe, imekwanguliwa, imepigwa msasa na kupakwa vanishi ya kwanza, ambayo bado ilinuka. Upande wa pili ulikuwa bado na rangi yake ya zamani, na juu, karibu na pembe, rangi ilikuwa imelika na kuingia weusi wa mafuta ya mwili. Palikuwa na bonde dogo. Mtu angeweza kulaza kiganja pale, nusu yake. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kuliwa na msasa.

"Kwa nini, mama?"

"Kila mangaribi alikuwa anakaa pale, anasikiliza habari, mukono wake juu ya redio. Alisema anaisikia ikisema mukononi. Tangu nilipoolewa, mupaka siku alipolala. Nilimwambia Djamali, usiiguse. Akasema, mama, wageni watatucheka, iko chafu." Sauti ilikatika, ikarudi. "Ile si uchafu. Ile ni mume wangu."

"Ukatoka."

"Wanaume walikuwa kwa swala, Rachida alikuwa kisimani. Nikaweka beseni kichwani, ya kuifichia, nikaenda. Nilitaka ile mbao tu, mashine ni ya Djamali, aibebe. Nikakuta Célestin amefika nusu."

"Na Célestin alipofungwa?"

Hapo ndipo Mama Feza alilia. Inspekta alimwacha alie. Alisema kila siku alitaka kusema, na kila siku aliona haya, kwani kusema alichukua kasha ni kusema alivunja eda, na mji huu utamsema mpaka kwa wajukuu. Alimwacha mtu asiye na kosa alale chini kwa sababu ya haya yake. Hilo Mungu atamwuliza, alisema, si hilo la kutoka.

Kwa sheria, Inspekta alimweleza, hapakuwa na wizi. Mali ya marehemu ilikuwa bado haijagawanywa, na mjane ni mrithi. Ila Djamali lazima aondoe mashtaka, na lazima ajue sababu. Alimwambia kwamba yeye Inspekta angeweza kumweleza Djamali faraghani, taratibu, kwa maneno ya kupunguza.

"Usipunguze," alisema Mama Feza. "Mwite."

Djamali alikuja na jamaa zake wawili, akaliona kasha, akafungua mdomo kuuliza nani kakamatwa. Mama yake alimweleza kila kitu kutoka nyuma ya pazia, mbele ya wote, kwa sauti iliyo wazi. Alipomaliza, Djamali hakuuliza juu ya redio.

"Mama, ulitoka? Katika eda ya baba?"

"Nilitoka."

Mmoja wa jamaa alinong'ona kitu juu ya shehe. Djamali alilitazama kasha, upande mweupe, upande mweusi. Inspekta alimwona akiliona lile bonde kwa mara ya kwanza, kitu ambacho alikuwa amekiona kila siku ya utoto wake.

"Shehe akisema nianze eda upya," Mama Feza alisema, "nitaanza. Nitakaa na ile mbao humu ndani."

Djamali alitia sahihi ya kuondoa mashtaka akiwa amesimama, kisha akalibeba kasha yeye mwenyewe kwa mikono miwili na kulipitisha chini ya pazia.

Inspekta Atumani alichechemea mpaka kituoni. Mke wa Célestin alikuwa pale pale kwenye ngazi, na sahani. Alimpita, akatafuta funguo mfukoni, akaenda kufungua mlango wa mahabusu.