Sauti ya Wodi ya Njiti

Kwenye soko la mitumba, pale watu wanapokanyagana vidole, muuguzi mmoja alikuwa ameinama akichambua lundo la soksi. Gauni lake la bluu lilikuwa limefifia mabegani, kucha zake zimekatwa fupi kabisa. Juu ya meza alisimama muuzaji mwenye shati la maua mekundu. Soko zima lilimwita Spika kwa sababu ya koo lake.

"Dada, mbona unachukua mojamoja? Mumeo ana mguu mmoja?"

Muuguzi akajibu. Spika hakusikia kitu. Ikabidi ashuke mezani.

"Sina mume," alirudia yule dada kwa sauti ya chini. "Ni za watoto njiti, wanaozaliwa kabla ya wakati. Tunawavisha kichwani."

"Soksi? Kichwani?"

"Inawatosha."

Spika akaanza kuchambua naye, akitafuta zilizo laini.

Wakapeana namba, simu zikaanza. "Bi Taratibu wangu, umekula?" "Nimekula, we mwenye kelele." "Mbona unaninong'oneza kama mwizi? Nani amelala hapo?" "Hakuna mtu. Nakaa peke yangu." Na ilikuwa kweli: chumba kimoja, sahani moja, kikombe kimoja. Lakini hata barabarani alinong'ona, na siku nyingine simu yake haikupatikana tangu asubuhi. Spika alicheka, ila moyoni kitu kilimchoma.

Alasiri moja muuguzi alitoka wodini, akasimama kwenye korido kuongea naye.

"Leo nina jambo zito, mpenzi," Spika alianza. "Nimefikiria habari yetu..."

Sauti ya mwanamume, chini kabisa, ikasikika kwenye simu: "Kata hiyo. Njoo huku." Simu ikakatika bila kuaga.

Ndani ya wodi, mtoto wa kijisanduku cha kwanza kati ya vile vya kuwatunzia njiti joto, ambaye mama yake alifariki akimzaa, alikuwa ameacha kupumua. Sista, mkuu wa wodi, alimfunika pua na mdomo kwa kibarakoa akawa anamsukumia hewa. Muuguzi mwenzao, waliyemwita Mrefu, alibonyeza kifua kwa vidole gumba viwili. Yule dada akavuta dawa kwenye sindano. Hakuna aliyepaza sauti. "Bado." "Endelea." "Nipe." Mpaka ngozi ya mtoto ikaanza kurudia rangi yake, na Sista akamshukuru Mungu midomo ikicheza tu.

Muuguzi alipompigia tena Spika, alimkuta amewaka moto.

"Huyo mwanamume ni nani?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Wote mnanong'ona. Wewe ni mke wa mtu. Usinipigie tena."

Hakumpigia. Jioni aliweka simu mezani, akala akiiangalia. Kazini alifuta kijisanduku kimoja mara mbili, na Sista akaona.

"Leo kaa na huyu mdogo wa kijisanduku cha kwanza tu, mwanangu," alimwambia. "Wengine tutagawana mimi na Mrefu."

Basi akakaa, mtoto amelala kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Saa ya kuona wagonjwa, wengine walitembelewa. Wao wawili hawakuwa na mtu.

Siku yake ya mapumziko, Mrefu alienda sokoni, akasimama mbele ya meza ya Spika. Midomo ikacheza.

"Unasemaje, kaka?"

Midomo ikacheza tena. Spika akashuka, akatega sikio.

"Mimi ndiye niliyesema kata simu. Mtoto alikuwa anakata roho."

Jitu zima vile, katikati ya soko, linaongea kama linambembeleza mtoto alale.

"Wewe nawe unanong'ona?"

"Hata mke wangu ananisema. Wale watoto wakishtuka, pumzi hupotea. Ukikaa mle miaka, sauti hairudi."

Spika aliiacha meza wazi, akaondoka naye.

Walimkuta muuguzi getini pa hospitali akiingia zamu. Alimwona Spika, akasimama.

"Nimekukosea," Spika alisema. "Sikukuuliza, nilikuhukumu."

"Na siku nyingine nitakata simu tena bila kuaga."

"Kata. Nitangoja."

Muuguzi alitaka kumjibu, lakini Sista alikuwa anatoka, mkoba mkononi, macho mekundu. Akamshika mkono.

"Yule mdogo ametutoka, mwanangu. Nilimshika mpaka mwisho. Hakuwa peke yake."

Muuguzi alilia bila mlio wowote. Sista akamshika bega hili, Mrefu akashika lile, wakasimama hivyo katikati ya geti, watu wakiwapita. Spika hakujua aweke wapi mikono yake. Alijua kwamba wazazi wa huyu dada walishafariki, hana kaka wala dada, na siku zote alijiuliza atampeleka kwa nani shangazi yake kumposa.

Alingoja mpaka kilio kikaisha. Kisha akavua kofia.

"Mama," alimwambia Sista, "nataka kuja na shangazi yangu kuongea nanyi. Si leo."

Sista alimtazama binti yake. Naye, akijipangusa uso, akaitikia kwa kichwa.

"Leo hapana," alisema Sista. "Njooni Jumapili, nyumbani kwangu. Na kaka yake atakuwepo."

Mrefu akakohoa, akanyoosha shati.

Muuguzi akaingia peke yake. Akanawa mikono hadi viwikoni, akatandika upya kijisanduku cha kwanza.