Vumbi la Kinu cha Baba

Kila asubuhi Thirza Trembath alifagia jikoni kabla mama yake hajakanda unga wa mkate. Vumbi la kijivu lilikuwa zito. Halikupeperuka, lilitambaa tu mbele ya ufagio. Mdogo wake Ivy, mwenye miaka miwili, alikaa chini ya meza akilamba vidole na kumcheka.

Asubuhi hiyo ufagio uligonga mguu wa Ivy, na mguu haukusogea. Thirza aliinama. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, povu likimtoka mdomoni.

Mama alimlaza karibu na jiko. Baba alivaa koti kwenda mjini Zeehan kumwita daktari, lakini mlangoni alimshika Thirza bega.

"Kumbuka tulivyokubaliana," alinong'ona, kisha akaingia mvuani.

Walikuwa wamekubaliana kunyamaza. Nyuma ya kilima baba alikuwa amepata mshipa, ukanda mwembamba wa jiwe jeupe uliopenya mwamba mweusi. Ndani yake mlikuwa na madini ya risasi yenye fedha, ya kijivu na yenye kung'aa, pamoja na zinki ya kahawia kama sukari iliyoungua. Lakini mbele kidogo mshipa ulikatika. Zamani sana mwamba ulipasuka na kuusukuma kando, na baba alichimba mitaro huku na huko akiutafuta. Hakuthubutu kusimika nguzo za mipaka kabla ya kujua unaelekea wapi, maana akikosea, utajiri wote ungeangukia eneo la mtu mwingine. Ilimbidi aponde mawe ili aone yana madini kiasi gani, lakini angeyapondea kijitoni, maji yangebadilika rangi na mji mzima ungejua. Kwa hiyo aliyatwanga jikoni, katika kinu cha chuma, madirisha yamefungwa.

Daktari alipofika, jirani yao Bi Nankivell alimfuata nyuma na bakuli la supu.

"Mama Thirza, siku hizi nyumba yenu inafungwa kama benki," alisema. "Mmemficha malkia humu?" Alipomwona mtoto, utani ulimkauka mdomoni.

Daktari alimpapasa Ivy tumbo. "Mji umejaa homa ya matumbo," alisema, "lakini mwili wake si wa moto, na hili degedege silielewi. Amekula nini?"

"Tunachokula sote," baba alijibu.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Basi nitamtibu homa. Abaki hapa hapa jikoni penye joto."

Thirza alitazama chini ya meza. Vidole vya Ivy vilikuwa vimechora mistari kwenye vumbi. Akamtazama Bi Nankivell, ambaye mumewe naye alitafuta madini, kisha mikono ya baba iliyopasuka kwa kuchimba.

"Anakula vumbi," alisema.

"Wewe, nyamaza," baba alisema.

"Anakula vumbi la mawe, daktari. Baba anatwanga madini ya risasi hapa. Mimi nafagia kila siku, lakini haliishi."

Daktari aliinua mdomo wa juu wa mtoto. Kwenye ufizi palikuwa na mstari wa buluu.

"Hii ni sumu ya risasi," alisema. "Mtoeni humu sasa hivi. Angebaki, mngemzika."

"Atalala kwangu," Bi Nankivell alisema, na tayari alikuwa amemfunika kwa shali yake.

Ivy alipona polepole kwa dawa na maziwa, ingawa kwa muda mrefu alitembea akiyumba kama anayejifunza upya. Habari za mshipa zilienea. Kabla ya Jumapili, nguzo za watu wengine zilikuwa zimesimama juu ya mitaro ya baba.

Baba alitoa kinu nje, akasugua sakafu kwa maji na sabuni. Hakumsemesha Thirza. Thirza aliamini kwamba amemchukia, akawa anakula ameinamisha kichwa.

Siku Ivy aliporudishwa nyumbani, baba alimwita Thirza.

"Nilikuambia unyamaze."

"Ndiyo, baba."

"Daktari alipouliza, mimi nilijua. Niliona vumbi kwenye midomo ya Ivy, nikasema hakuna. Siri inayomuumiza mtu haitunzwi, Thirza, hata kama anayekuamuru ni baba yako. Mimi nilikuwa tayari kumpoteza Ivy ili nisiukose mshipa. Wewe hukuwa tayari. Nisamehe, mwanangu."