Mbili Tu

Walikutana duka la kutoa kopi, mchana, watu wamebanana mpaka mlangoni. Kwenye rafu kilibaki kitabu kimoja cha majedwali ya logi, na mikono miwili ikakishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa binti mwenye koti jeupe, mpimaji katika maabara ya kiwanda cha sabuni. Wa pili ulikuwa wa kijana mwenye shati la bluu lililojaa vumbi la chaki mpaka kwenye kola.

"Dada, mimi nafundisha hesabu. Nakihitaji zaidi."

"Mwalimu wa hesabu asiye na majedwali nyumbani? Hao wanafunzi nawahurumia."

Mwalimu alicheka, akamwachia kitabu, akaomba namba ya simu. Mwezi haukupita wakawa wanaitana mpenzi.

Sasa tazama Mwalimu alivyomlipa. Siku moja alikuja kiwandani kumchukua wakale, akamkuta anabishana na meneja. Pipa zima la sabuni ya kunawia mikono lilikuwa limesoma pH, kile kipimo cha ukali, ya kumi na moja, na mwisho unaoruhusiwa ni tisa. Mpimaji alikataa kutia saini. Meneja akamgeukia mgeni.

"Mwalimu wa hesabu, tisa na kumi na moja zinapishana kwa ngapi?"

"Mbili tu," Mwalimu akajibu huku akitabasamu, kama anayeamua ugomvi wa watoto.

"Umesikia, dada? Tia saini au nenda nyumbani."

Alienda nyumbani. Akaubamiza mlango kwa hasira hata kitasa kikalegea. Miaka saba ya kazi, na aliyemharibia ni mtu wake mwenyewe.

Simu iliita mara tisa. Ya kumi akapokea.

"Mpenzi, nilitaka kupoza mambo."

"Usiniite mpenzi. Logi unazifundisha mwaka wa ngapi huu?"

"Wa sita."

"Na pH ni nini?"

"Kipimo cha sabuni?" Mwalimu akabahatisha.

"Ni logi, bwana. Kila hatua moja ni mara kumi. Hizo mbili zako ni mara mia. Ukali mara mia kwenye mikono ya watu, na wewe unachekacheka na meneja."

"Sikujua."

"Hukujua, na bado ukajibu. Hilo ndilo linaloniuma." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi alirudi kiwandani kuchukua vitu vyake, uso umemvimba kwa kisirani. Akamkuta Mwalimu mbele ya meza ya meneja, na shati lile lile la jana, halijaona pasi.

"Jana nilisema nisichokijua," Mwalimu alikuwa akieleza. "Mzee, chai yako unatia vijiko viwili vya sukari. Mara mia ni vijiko mia mbili. Utainywa?"

Meneja alikisukuma kikombe chake kando. Kisha akaagiza pipa lirudishwe likapunguzwe ukali, na akamwambia mpimaji aendelee na kazi, bila kumwangalia machoni.

Mwalimu alimsubiri kwenye ngazi.

"Hasira zimeisha?"

"Zimeshuka kwa mbili."

Safari hii Mwalimu alipiga hesabu kwanza.

"Mara mia," akasema taratibu.

"Angalau."

"Basi nije kwenu nimwone baba?"

Binti alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Njoo Jumamosi. Lakini baba akikuuliza kitu usichokijua, sema hujui."