Brauni za Nusaiba

Kila jioni akitoka shuleni, Mwongeli aliwafungia mbuzi zizini, akaosha vyombo, kisha akawasha jiko la makaa ili mama yake akirudi kutoka shambani akute chai tayari. Muhula huo kazi hizo alizimaliza mbio mbio. Alikuwa na kazi nyingine iliyomkaa moyoni: alikuwa akijifunza kuoka brauni.

Alionyeshwa na shangazi yake Kaluki, mpishi katika hoteli moja mjini Kitui. Brauni ni keki ya kakao, nyeusi na nzito, isiyoumuka sana. Ile ya shangazi ilikuwa na jibini nyeupe juu, iliyopondwa pamoja na sukari na yai, kisha ikachorwa kwa ncha ya kisu mpaka nyeusi na nyeupe zikaviringana. Lakini shangazi alioka kwa ovena. Nyumbani kwao Zombe hakukuwa na ovena. Kulikuwa na jiko, sufuria kubwa na mchanga wa mtoni.

Brauni ya kwanza iliungua chini na juu ikabaki mbichi. Ya pili ilinuka moshi. Mama yake, Ndunge, aliuma kipande akakitafuna polepole.

"Mwanangu, hii hata mbuzi wataiuliza maswali."

Mwongeli alicheka, lakini hakukata tamaa. Alijaribu tena na tena mpaka akaelewa: mchanga upashwe moto kwanza sufuriani, bati la keki likae humo juu ya vijiwe, na makaa mengi yawekwe juu ya kifuniko, si chini. Siku brauni ilipoiva sawasawa, alimpelekea kipande Esha, rafiki yake waliyeketi naye dawati moja.

"Umenunua wapi?" Esha aliuliza huku akijilamba vidole.

"Nimeoka mwenyewe."

"Wacha uongo!"

"Njoo kwetu uone jiko."

Siku chache baadaye Esha alikuja na ujumbe. Mdogo wake Nusaiba, mtoto wa miaka minne, alikuwa ametoka hospitalini. Alikuwa amekula chakula kichafu, akaharisha na kutapika hadi akatundikiwa maji. Sasa alikuwa amepona, na Jumamosi familia ingewaalika majirani kwa dua ya shukrani.

"Mama anauliza kama unaweza kutuokea brauni," Esha alisema.

"Naweza," Mwongeli alijibu kabla hata hajafikiri.

Ijumaa jioni alimimina maziwa lala, yale yaliyogandishwa, kwenye kitambaa safi, akakifunga na kukitundika kwenye msumari jikoni, bakuli likiwa chini yake. Maji yangechuruzika usiku kucha na asubuhi kitambaani kungebaki jibini laini.

Jumamosi mama yake alidamka kwenda sokoni kuuza pojo. Mwongeli aliwatoa mbuzi, akaenda kuwafunga kwenye majani. Aliporudi, alikuta mlango wa jikoni wazi. Alikuwa amesahau kuufunga. Fundo lilikuwa limefunguka, kitambaa kiko sakafuni, na kuku wawili wanaidonoa jibini. Mmoja alikuwa amesimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"Shoo! Tokeni!"

Kuku walikimbia. Mwongeli alichutama akaitazama jibini ile. Upande mmoja ulikuwa na vumbi na alama za miguu. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama kawaida. Kuandaa jibini nyingine kungehitaji usiku mzima, na wageni wangefika mchana. Alichukua kijiko akaukwangua upande mchafu.

"Huku ndani ni safi," alijiambia. "Na moto utamaliza yaliyobaki."

Aliposema hivyo alitazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu anayesikiliza. Kisha akaendelea na kazi.

Brauni iliiva vizuri kuliko zote alizowahi kuoka. Mistari myeupe ilizunguka juu ya kakao kama iliyochorwa kwa kalamu. Hata hivyo, njiani kuelekea kwa kina Esha, Mwongeli hakuifurahia. Kila alipoitazama aliona miguu ya kuku.

Sebuleni majirani walikuwa wameketi kwenye mikeka. Nusaiba alikuwa amepakatwa na mama yake, mikono imekonda, na nyuma ya kiganja alama ya sindano ikionekana bado.

"Karibu, mwanangu," Mama Esha alisema kwa furaha. "Huyu tangu asubuhi anaulizia brauni. Siku hizi anakataa kila chakula. Kipande cha kwanza ni chake."

Alichukua kisu. Nusaiba akafungua mdomo hata kabla keki haijakatwa.

"Mama Esha, tafadhali usikate!"

Watu wote walimgeukia Mwongeli.

"Kuna nini?" Mama Esha aliuliza, kisu bado mkononi.

"Jibini ilianguka. Kuku waliidonoa. Nilikwangua palipochafuka nikatumia iliyobaki." Sauti yake ilikuwa ikififia. "Sikumwambia mtu yeyote."

Mwanamke mmoja alishika mdomo. Esha aliinamisha kichwa. Mama Esha aliifunika brauni na kuisukuma mbali, na Nusaiba akaangua kilio.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" Mama Esha aliuliza.

"Niliogopa mtasema siwezi." Mwongeli alijibu. "Naomba mnipe muda mpaka baada ya sala ya alasiri. Nitaoka nyingine."

"Baada ya haya yote?" yule mwanamke aliguna.

Mama Esha alikiweka kisu kando. "Wageni watakula pilau kwanza," alisema. "Nenda."

Mwongeli alikimbia. Mama yake alikuwa amerudi kutoka sokoni, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sasa unataka kulia au unataka kuoka?"

"Kuoka."

"Basi panguza macho. Utapata wapi jibini mchana huu?"

Mwongeli alifikiri. Maziwa lala yalikuwa yamekwisha, lakini maziwa ya mbuzi ya asubuhi yalikuwepo. "Shangazi alisema maziwa yakichemka, ukiyakamulia ndimu, hukatika. Mabonge yale pia ni jibini."

"Ndimu ziko kapuni."

Alifunga mlango wa jikoni, akanawa mikono kwa sabuni. Maziwa yalichemka, akayakamulia ndimu, na mara yakakatika. Aliyachuja kwa kitambaa kipya akayaminya. Jibini ilitoka na punje punje, hivyo akaiponda kwa mwiko mpaka mkono ukamuuma. Akabadilisha mkono, akaendelea. Mayai yalitoka kwa kuku wale wale. Kakao iliyobaki ilikuwa kidogo, lakini aliikung'uta mkebeni mpaka mwisho. Kisha akakaa karibu na jiko, akiongeza na kupunguza makaa juu ya kifuniko, jasho likimtiririka. Mama yake alimwambia apumzike kidogo. Alitikisa kichwa.

Alasiri walikwenda pamoja, mama na binti. Brauni hii haikupendeza kama ile ya kwanza. Rangi ilikuwa hafifu, mistari haikuviringana vizuri na pembe moja ilikuwa imevunjika. Mama Esha alimkatia Mwongeli kipande kwanza. Mwongeli alikila mbele ya watu wote, bila wasiwasi wowote. Ndipo Nusaiba akapewa chake.

Mama Esha alimvuta Mwongeli akaketi kando yake.

"Hospitalini muuguzi alituambia kwamba chakula kikishachafuka, moto hauondoi kila sumu. Kwa hiyo usije ukautegemea moto ukusafishie uchafu unaoujua. Chakula cha watu kilinde tangu mwanzo."

"Nimesikia, Mama Esha. Nisamehe."

"Nimekusamehe, na zaidi ya hapo, nakushukuru. Kuharibu kazi si aibu, kila anayefanya kazi huharibu. Aibu ni kumlisha mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa. Leo umesema ukweli huku watu wote wanakutazama, kisha ukarudi jikoni ukaanza upya. Mtu wa namna hiyo nitamwamini na chakula cha wanangu siku yoyote."

Ndunge alimpangusa binti yake masizi shavuni kwa ncha ya leso.

Nusaiba alikuwa amemaliza kipande chake. Aliokota makombo yaliyoangukia mapajani, akayala, kisha akamnyooshea Mwongeli sahani.

"Ongeza," alisema.