Betri Nne na Mbwa wa Mzee Gachoki

Kila Ijumaa baada ya masomo, Igoki alichukua daftari la klabu ya wanyamapori akafuata njia ya mawe iendayo kwao, nje kidogo ya soko la Ishiara. Kabla ya kuvua sare, alipita kwanza nyuma ya zizi la mbuzi. Hapo, kwenye shina la mgunga, palikuwa pamefungwa kamera ndogo ya rangi ya matope iliyotazama ukingo wa zizi upande wa kichakani. Kamera hiyo haikuhitaji mtu wa kuibonyeza. Mnyama akipita mbele yake, ilimpiga picha yenyewe, mchana na usiku.

Haikuwa kamera ya bei kubwa. Mtafiti mmoja aliyekuwa akihesabu ndege kando ya Mto Thuci aliiachia shule alipomaliza kazi yake. Mwalimu Lorna, mlezi wa klabu, alimkabidhi Igoki kwa kuwa kwao ndiko mbuzi walikokuwa wakiuawa. Tangu mvua ikatike, vitoto vitatu vya mbuzi vilikuwa vimekutwa vimekufa, makoo yameng'atwa.

"Udhaifu wa kamera hii ni betri," Mwalimu Lorna alimweleza siku ya kwanza. "Inatumia nane. Mchana kuna jua, kwa hivyo haitumii nguvu nyingi. Lakini usiku inawasha taa ambayo macho yetu hayaioni, na taa hiyo inakula betri sana. Usichanganye betri mpya na zilizotumika, maana zile kuukuu zitazimaliza zile mpya. Kata nyasi mbele yake pia, zisitikiswe na upepo kamera ikadhani ni mnyama. Kisha andika kila ulichofanya."

Igoki alifanya hivyo kwa majuma matano bila kukosea.

Ijumaa ya sita, Mwalimu alimpa betri nane mpya, zile nzuri zinazokaa muda mrefu. Igoki alipofika nyumbani, alimkuta nyanya yake, Ruguru, amelala akitazama ukuta. Nyanya alikuwa amevunjika nyonga tangu Januari na hakuweza kutoka kitandani. Kilichomchangamsha kilikuwa redio, nayo ilikuwa imenyamaza kwa wiki mbili.

"Siku zimekuwa ndefu, mjukuu wangu," Nyanya alisema. "Hata nyimbo za Jumapili sikuzisikia."

Igoki alisimama pale mlangoni akiwa na mfuko wa betri mkononi. Redio ilihitaji nne tu. Alizitia. Sauti za kwaya zikajaa chumbani, na Nyanya akafumba macho akitabasamu, machozi yakimteremka hadi masikioni.

Kwenye kamera Igoki alitia betri nne mpya zilizobaki, pamoja na nne zilizokuwemo. Taa ndogo ya kijani ikawaka. "Inafanya kazi," alijiambia. Alikata nyasi vizuri, kisha akaandika katika daftari: *Betri nane mpya. Nyasi zimekatwa.*

Alfajiri ya Alhamisi iliyofuata, vitoto viwili vya mbuzi vilikutwa vimekufa zizini. Baba yake, Munyi, aliinama akazitazama nyayo vumbini.

"Hizi ni nyayo za mbwa," alisema. "Na mbwa wa karibu ni mmoja."

Alimaanisha Bosko, mbwa mwekundu wa jirani yao, Mzee Gachoki. Asubuhi hiyo hiyo Bosko alikuwa ameonekana kando ya zizi akilamba damu. Watu walianza kukumbuka mambo. Mmoja alisema aliwahi kumwona akifukuza kuku. Mwingine akasema mbwa akishaonja damu haachi.

Naibu wa chifu alikuja adhuhuri. "Tusihukumu kwa hasira," alisema. "Si mna kamera ya shule hapa? Mwalimu aitwe."

Mwalimu Lorna alikuja na kompyuta yake. Igoki na wenzake wa klabu walikuja nyuma yake. Watu kama kumi na watano walikusanyika uani, na Mzee Gachoki akasimama kando, Bosko ameketi miguuni pake.

Picha zilikuwa nyingi: mbuzi wakitoka, mbuzi wakirudi, kanga, Baba akipita na jembe. Zote zilikuwa za mchana. Usiku wa Jumatano haukuwa na picha hata moja.

"Kwa hivyo usiku hakuna kitu kilichotoka kichakani?" Baba aliuliza.

"Kamera haikuona kitu," Mwalimu alijibu polepole. Alifungua daftari. "Kama betri zingekuwa zimechoka, ningesema haikuwa na nguvu ya kupiga usiku. Lakini zilibadilishwa zote Ijumaa." Aligeuka. "Igoki, uliweka zote nane?"

Kila mtu alimtazama Igoki. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika redio ya Nyanya ikitangaza bei ya ndengu.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema.

"Basi ni wazi," Baba alisema. "Aliyeua hakutoka kichakani. Alitoka upande wa nyumbani."

Mzee Gachoki alivua kofia. "Huyu mbwa hulala mlangoni kwangu," alisema. "Nikikohoa usiku, huinuka. Jana nilikohoa, akainuka. Hiyo damu aliilamba asubuhi, baada ya mbuzi kufa. Sina shahidi mwingine."

"Mbwa anayeua mbuzi huuawa," Baba alisema. Naibu wa chifu alitazama chini. Mzee akangoja kidogo, kisha akatoa kamba mfukoni, akaifunga shingoni mwa Bosko kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi Munyi.

"Asiteswe," alisema.

Igoki alibaki nyuma ya Mwalimu. Alimwona Bosko akifuata wanaume watatu kuelekea kijitoni, akipunga mkia, kwa maana alizoea kutembezwa.

Jioni hiyo Igoki hakula. Mama alidhani ni homa.

Jumanne iliyofuata, kitoto kingine cha mbuzi kilikutwa zizini, koo limeng'atwa vilevile. Baba alikishika miguu akasimama nacho. Bosko alikuwa ameuawa na kuzikwa siku tano zilizopita.

Igoki alikimbilia chumbani kwa Nyanya, akapiga magoti kando ya kitanda. Alieleza kila kitu huku akilia, hata Nyanya akamwomba arudie polepole. Aliposikia habari ya redio, Nyanya alinyoosha mkono akaizima.

"Nilikuwa naimba," alisema kwa sauti ndogo. "Wanampeleka yule mnyama, na mimi humu ndani naimba." Akatoa betri moja moja, akamtilia mkononi. "Nenda kwa mwalimu wako. Usipitie kwa mtu mwingine."

Mwalimu Lorna alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe alifuta miwani.

"Nami nina kosa," alisema. "Niliona picha zote ni za mchana, nikaamini daftari kuliko nilichokiona. Betri zilikuwa na nguvu za mchana tu. Usiku, taa ilipotaka kuwaka, kamera ilizimika." Akamshika bega. "Kwa nini hukuniambia kuhusu redio? Ningetafuta betri za Nyanya."

"Niliogopa utasema nimeiba, Mwalimu."

Siku hiyo waliweka betri nane mpya pamoja. Siku mbili baadaye picha za usiku zilikuwa wazi kabisa: bweha wawili, wanyama wa porini wanaofanana na mbwa, wakipenya chini ya miiba ya zizi, kwanza kichwa, kisha mgongo.

Baba aliitazama picha ile huku Mwalimu akimweleza habari ya betri. Hakumpiga Igoki, hakumfokea. Siku ile ile alichimba mtaro kuzunguka zizi, akapanga mawe chini na wavu wa waya juu yake. Majirani walisaidia. Tangu hapo hakuna kitoto cha mbuzi kilichouawa tena, na wenye mbuzi wengine wakaja kujifunza namna ya kujenga zizi kama lile.

Jumamosi, Baba na Igoki walikwenda kwa Mzee Gachoki. Walimkuta akipura ndengu uani, peke yake.

"Mzee, nilikukosea," Baba alisema. "Nilikuwa na hasira, nikaiita haki."

Mzee aliendelea kupura. Igoki akasogea, akaeleza habari ya betri, redio na daftari. Hakuacha kitu. Fimbo ilisimama.

"Siku ile ulikuwa umesimama wapi?" Mzee aliuliza.

"Nyuma ya Mwalimu."

"Hatua ngapi kutoka kwangu?"

Igoki alifikiri. "Tatu."

"Tatu," Mzee alisema. "Hata ungenong'ona, ningekusikia."

Igoki alilia. Mzee alimwacha alie, kisha akaketi juu ya gunia akamwonyesha naye aketi.

"Redio ya nyanya yako sina ugomvi nayo. Marehemu mke wangu angelala vile, hata mimi ningemtafutia betri popote. Lakini ungeandika betri nne, Mwalimu angesema kamera haikuona kwa sababu haikuwa na nguvu. Sote tungejua kwamba hatujui, na mtu anayejua kwamba hajui hafungi kamba kwa haraka. Wewe uliandika nane, tukadhani tunajua." Alivuta pumzi. "Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Hata ukiwa umechelewa, sema vilevile, kama ulivyofanya leo. Lakini usidhani ni sawasawa."

"Utanisamehe, Mzee?"

"Nitakusamehe. Si leo. Leo bado naamka nikikohoa, nangoja kumsikia."

Wakati huo kuku walikuwa wamezijia ndengu zilizoanikwa kwenye turubai, wakaanza kudonoa. Mzee Gachoki aliita kwa mazoea, bila kugeuka, "Bosko!" Kisha mkono wake ukabaki hewani.

Baba alitazama pembeni. Igoki aliinuka, akaokota kijiti, akawafukuza kuku. Waliporudi, akawafukuza tena. Alikaa pale kando ya turubai mpaka ndengu zote zikatiwa guniani, na hakuna aliyemwambia aondoke.