Nyumba Iliyoandikwa Haina Mtu

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na haya yalimkuta yeye mwenyewe.

Asubuhi ile kazi ilianza kama kawaida. Bomba la mafuta lilikuwa limeshafika katikati ya mtaa, likielekea kwenye matangi ya kuhifadhia, na njiani ilibaki nyumba moja tu ya kubomolewa. Ilikuwa ya fundi cherehani mmoja aliyekuwa akimuuguza mama yake mzazi, bibi kizee aliyepooza. Yule fundi cherehani alikuwa amekwenda ofisini kuomba siku mbili apate pa kumhamishia mgonjwa wake. Huku nyuma msimamizi wa kazi, waliyembatiza jina la Kalamu kwa jinsi alivyopenda kusaini, akafungua faili akaandika: haina mtu.

Mjomba alisikia kikohozi ndani.

"Bosi, kuna mtu humo."

"Ni paka. Endelea na kazi yako."

Mjomba akarudi kwenye kazi yake. Katapila likapita.

Fundi cherehani aliporudi hakulia. Alifukua vifusi kwa mikono mpaka akamfikia mama yake, akamfunika shuka, kisha akamwendea Kalamu na kumwambia taratibu, "Umemwandika hayupo. Na wewe hutakuwepo."

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, jua likiwaka, bomba lilikuwa limeshalazwa pale pale palipokuwa na nyumba. Upande mmoja ulizibwa kwa bamba la chuma. Mwingine ulikuwa wazi, mpana wa kutosha mtu kutambaa.

Humo ndani mtu akakohoa.

Mafundi wakaweka vifaa chini. Kalamu akafoka kwamba kuna mtu anamchezea, akapiga magoti, akachungulia.

Sauti ya bibi kizee ikatoka, ya upole kabisa. "Mwanangu, njoo uniandike tena."

Kalamu akaingia. Hakusita. Alitambaa kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Mjomba akamdaka mguu. Akavuta. Kitu kikavuta upande wa pili. Kilikuwa na nguvu. Kiatu kikabaki mkononi mwa mjomba.

Wakamulika tochi. Bomba lilikuwa tupu mpaka kwenye bamba. Wakalikata bamba. Tupu. Kalamu hajaonekana tena, na kazi ikasimamishwa siku ile ile.

Mjomba alirudi nyumbani. Mkewe akampokea, akamgeuza mgongo, akanong'ona, "Nani kakushika hapa?"

Nyuma ya shati, chini kabisa, palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo, vidole vyembamba, cheusi, kikinuka mafuta ghafi. Na bomba lile halijawahi kupitisha hata tone.

Shati walilichoma moto. Kesho yake alama ilikuwa kwenye shati jingine, imepanda kidogo. Amebadilisha mashati mangapi, hata yeye hajui. Jana nilikwenda kumjulia hali. Imefika kwenye kola.