Foronya Nyeusi

Jumanne tarehe 14 Julai, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mgawa magazeti alimkuta Mitsue ameketi kizingitini, uso umevimba hata jicho la kushoto halionekani. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Daktari alisema wazi: utomvu wa mti ukimgusa tena, jicho limekwenda.

Sajini Oikawa, askari pekee wa bonde lile la kaskazini mwa Japani, alifika saa tatu. Ugonjwa wenyewe haukuwa fumbo. Utomvu wa mti wa urushi, ule wa kupaka mabakuli yang'ae, humbabua asiyeuzoea. Lakini Mitsue hakuwa amekanyaga msituni tangu Juni. Alikuwa ameacha kazi mjini Sendai ili arithi ugema wa baba yake, mzee Tatsugoro, mgema wa mwisho wa utomvu huo aliyebaki bondeni.

Watu wote walimtaja Kihachi, binamu yake, aliyetaka kilima chenye miti hiyo kiuzwe. Alishawahi kumwambia Mitsue dukani kwamba ataondoka bondeni, na ngozi yake au bila ngozi.

"Umempaka wewe?" Oikawa alimuuliza.

"Mimi, afande? Nikipita tu chini ya ule mti navimba kama andazi. Nitazame basi."

Uso wake ulikuwa safi, mikono pia. Oikawa hakumpenda Kihachi hata kidogo, lakini hoja ilikuwa na uzito: aliyeshika utomvu mara tatu bila kuvimba ni mtu aliyeuzoea.

Saa tisa alirudi kwa Mitsue. Upele ulikuwa kwenye shavu la kushoto, sikio na shingo, basi.

"Unalalia ubavu gani, dada?"

"Wa kushoto."

Mto wake ulikuwa na foronya nyeusi. Ule wa baba yake, chumba cha pili, ulikuwa na nyeupe. Utomvu hutoka mweupe kama maziwa, ukikauka huwa mweusi, usionekane kwenye kitambaa cheusi.

"Hii foronya umeinunua wewe?"

"Kaninunulia baba, mwezi uliopita. Nilifurahi. Hajawahi kuninunulia kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Oikawa alitamani wangekosea mara hii moja. Aliichukua foronya akaiweka mbele ya mzee, penye meko. Mzee hakubisha.

"Miti imebaki arobaini," alimwambia binti yake. "Mti tunaugema msimu mmoja, tunaukata. Miaka mitatu, imekwisha. Ungebaki na kilima kitupu na kaburi langu. Nilikwambia urudi mjini, ukacheka. Nikasema ukiwashwa kidogo utachoka."

"Nimepanda miche mia mbili ya urushi, baba. Nyuma ya shule iliyofungwa. Nilitaka ishike kwanza ndipo nikwambie."

Mche huchukua miaka kumi na mitano hadi kugemwa. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa, na Mitsue asingeweza tena kuugusa mti ule maisha yake yote. Kwa hilo mzee alikuwa amefanikiwa.

"Nani ataipalilia?" aliuliza.

Mitsue aligeukia ukutani.

Saa kumi na moja na nusu gari la polisi lililomchukua mzee lilipita karibu na shule. Mzee aliomba lisimame kidogo, na Oikawa akalisimamisha. Miche yote ilikuwa imeshika.